Sendofu na Hafla ya Kumuaga Binti

Neno sendofu limetokana na Kiingereza, ambamo hutumika kwa mtu yeyote anayesindikizwa: balozi, mchezaji au mtumishi anayestaafu. Katika Tanzania maana yake imekuwa finyu. Hapa Dodoma, kama katika miji mingine, mwenye kupokea kadi ya sendofu huelewa kuwa wazazi wa binti wanamuaga mtoto wao kabla ya ndoa, na kwamba kamati inasubiri mchango wake. Haifai kuichanganya na kichenpati, ambayo ni ya wanawake watupu, wanaomfunda bibi harusi na kumtunza vyombo vya jikoni.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kujihadhari. Ofisi iliyomuaga mtumishi aliyehamia Dodoma mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhama, haikumfanyia sendofu; ilimfanyia hafla ya kuagana. Tunapendekeza istilahi hiyo kwa mambo ya kazi, na hafla ya kumuaga binti kwa mambo ya ndoa. Anayeagwa atajwe daima, kwani kitenzi kuaga husemwa hata kwa marehemu.

Aidha, tahajia izingatiwe. Tunashauri iandikwe kumuaga, wala si kumwaga. Tofauti ni herufi moja tu, lakini kinachomwagwa ni maji. Kadi isemayo kuwa wazazi wanamwaga binti yao huwavunjia heshima mbele ya wakwe. Nayo ikishagawiwa, kama maji yaliyomwagika, haizoleki.