Kiti cha Xiaobei, benchi la Lamu

Hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wetu wa Kiafrika na Kiarabu, ndara na vyombo vya plastiki hununuliwa kwa jumla, vikajazwa makontena kupelekwa pwani yetu. Nazunguka madukani, najiuliza: vikivunjika vinakwenda wapi? China yenyewe haivitaki. Tangu mwanzo wa 2018 imekataza kuingiza taka nyingi za plastiki. Basi mzigo unabaki kwetu.

Jawabu moja lipo Lamu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Hawakuishia hapo. Plastiki huchambuliwa, huoshwa, husagwa na kuyeyushwa ikawa mbao, na maseremala wakazichonga samani. Mbao hizo mchwa haziwezi.

Ndugu zangu wa Maskati na Dubai mnaotengeneza nyumba za wazee huko pwani, kabla hamjaagiza viti vingine vya Xiaobei, ulizieni kwanza benchi la Lamu. Fundi atapata riziki, na taka zitapungua ufukweni.