Penseli chini ya godoro

Jamani wazazi wenzangu, leo nakiri. Wiki nzima nilimfokea binti yangu wa miaka mitano, kisa neno moja tu: baba. Chekechea anayosoma wanafundisha kwa Kiingereza, basi kila akiona herufi anataja jina lake: "bii, ei, bii, ei." Halafu kimya, ananitazama. Siku nilipokuta penseli ameificha chini ya godoro, nikajua tatizo ni mimi.

"Mke wangu, anajua majina ya herufi, hajui sauti," mume wangu akasema. Kweli! Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake ile ile. Hata mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza 2015, ulisisitiza sauti. Tukarudi kwenye ba, be, bi, bo, bu tulizokariri sisi.

Jumamosi moja, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, msongamano kama kawaida, mkono wangu ukavutwa. Bibie kasimama mbele ya boksi la muuza viatu: "Be-i… po-a. Mama, bei poa!" Muuzaji akacheka, akatupunguzia elfu moja.

Penseli sasa inalala mezani. Kuhusu Kiingereza, mimi na baba yake bado tunagombana.