Ngoma ya simu haichoki, lakini sikio lako huchoka

Je, msomaji, umewahi kutoka arusini au kwenye tamasha usiku wa manane, ukalala huku masikio yakilia mithili ya nyenze? Asubuhi ulipoamka mlio ulikuwa umekwisha, nawe ukasahau. Leo ningependa tuzungumzie mlio ambao haukwisha asubuhi.

Kijana wa umri wa miaka 23 aliletwa kwangu na mama yake nilipokuwa nikifanya kazi karibu na mji wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Ilikuwa miezi michache baada ya mafuriko ya mwaka 2024.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, kijana wangu. Una nini?"

Kabla hajajibu, mama alidakia. "Daktari, huyu nikimwita hanisikii. Mara ya kwanza nilidhani ni kiburi. Jana nimemwambia akasuke kamba, yeye akanionyesha shuka!"

Kijana alitabasamu kwa aibu. Kisha akasema masikio yake yalikuwa yanalia usiku na mchana, na siku hiyo ilikuwa ya tisa.

Nilimchunguza. Masikio hayakuwa na usaha, nta haikuwa imeziba, na kiwambo cha kila sikio kilikuwa kizima. Hakuwa amepata homa wala kunywa dawa yoyote. Nilipomuuliza kazi yake, alinijibu kuwa anapiga gitaa kanisani. Hapo ndipo nilipoanza kupata fununu ya ugonjwa.

Mpiga ngoma ndani ya simu

Maji yalipoingia kanisani, ngoma za bendi yao ziliharibika. Mpiga ngoma naye akahamia Malindi kutafuta riziki. Kijana wetu akabaki na gitaa peke yake. Rafiki akamwekea katika simu programu ya mpiga ngoma.

Kwa msomaji asiyezifahamu, programu hizi hufanya kazi hivi. Unachagua mtindo wa muziki, uwe rumba, rege au wimbo wa injili. Unachagua mwendo, yaani mapigo mangapi kwa dakika. Ukibonyeza, ngoma inaanza, nawe unapiga gitaa au kinanda chako ukiifuata. Zilizo bora zaidi hubadilisha mapigo kidogo kidogo, hata ukadhani kuna mtu wa kweli chumbani.

Jambo hili si geni kabisa. Mashine za ngoma zilikuwa zimeenea katika studio tangu miaka ya 1980, na vinanda vingi vya kanisani vina midundo yake ndani. Jipya ni kwamba leo kifaa hicho kimo katika mfuko wa suruali ya kila kijana, Garsen kama vile Mombasa na Nairobi.

Mimi sipingi programu hizi. Zinamsaidia mwanafunzi kushika mwendo, na mtu anaweza kufanya mazoezi bila kuwaudhi majirani. Tena zina kitu ambacho ngoma ya kweli haina: kitufe cha kupunguza sauti. Ngoma za bendi zikipigwa kwa nguvu, aliye karibu hupokea sauti ya desibeli 100 au zaidi, wala hana la kufanya ila kusogea mbali. Ngoma ya simu unaweza kuishusha mpaka iwe kama mnong'ono.

Taabu ni kwamba wengi hatuishushi. Kijana yule alikuwa akifanya mazoezi usiku ndani ya chandarua, amevaa vipokea sauti vya masikioni. Feni ilikuwa ikivuma, jenereta ya jirani ikinguruma, na vyura wa mtoni wakipiga kelele zao. Ili aisikie ngoma akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka ikakaribia mwisho. Akaendelea hivyo saa 3 au 4 kila usiku, kwa majuma kadhaa.

Ndani ya sikio

Sauti huingia katika tundu la sikio na kukigonga kiwambo. Lugha yetu ilikipa jina zuri, kwa maana ngozi iliyowambwa juu ya ngoma nayo ni kiwambo. Kiwambo cha sikio kikitikisika, hutikisa vijifupa vitatu vidogo sana, navyo huipeleka sauti katika mfereji uliojikunja kama konokono. Mfereji huo umejaa majimaji. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Majimaji yakitikisika vinyweleo hupinda, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu.

Fikiria shamba la mpunga pale deltani. Upepo mdogo ukipita, mpunga huinama kisha ukasimama. Upepo mkali ukivuma mchana kutwa, mpunga hulala, na ukipumzishwa baadhi yake husimama tena. Lakini dhoruba ikirudi kila siku, mashina huvunjika. Mpunga utapanda mwingine msimu ujao. Seli za sikio la binadamu hazioti tena. Uliyozaliwa nayo ndiyo hayo hayo mpaka kaburini.

Seli zinazopokea sauti nyembamba ndizo huumia mwanzo. Katika usemi, sauti hizo ni kama s, sh na f. Ndiyo maana kijana alisikia "suka" akadhani "shuka". Katika muziki, sauti nyembamba ni zile za matoazi. Nilipomuuliza kama aliyasikia vizuri matoazi ya ngoma yake, alishangaa. "Daktari, siku hizi programu ile imeharibika. Matoazi hayalii vizuri, ndiyo maana naongeza sauti."

Msomaji, programu ilikuwa nzima. Lililoharibika lilikuwa sikio. Na kila alipoongeza sauti ili ayapate matoazi, aliziua seli nyingine, kesho yake matoazi yakazidi kufifia.

Kipimo chako cha wiki

Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Kwa watoto ni desibeli 75. Sauti ikipanda, muda hupungua haraka mno. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hugawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 90, zile saa 40 huwa saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa desibeli 100, hubaki dakika 20 hivi.

Simu nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho huweza kufika desibeli 100. Ikiwa kijana wetu alifika hapo, basi alikuwa akimaliza kipimo cha wiki nzima kabla ya kumaliza wimbo wa sita, naye alikuwa na wiki nzima mbele yake. Shirika hilo hilo limeonya kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kwa kusikiliza sauti kubwa.

Wala si wanafunzi tu. Pete Townshend, mpiga gitaa mashuhuri wa bendi ya The Who ya Uingereza, amesema hadharani kuwa uziwi wake aliupata kwa kuvaa vipokea sauti studioni, zaidi ya kupiga jukwaani.

Kwa nini ngoma ya simu ni hatari zaidi

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Mpiga ngoma wa kweli huchoka. Baada ya nyimbo tatu atafuta jasho, ataomba maji, ataanza kusimulia kisa. Bendi nzima husimama, na masikio ya kila mtu hupumzika. Uchovu wake ulikuwa kinga yetu, nasi hatukujua.

Ngoma ya simu haina jasho. Haiombi maji wala haisinzii. Itakupigia tangu magharibi hadi alfajiri kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo pumziko ambalo zamani lilikuja lenyewe, leo huna budi kulipanga mwenyewe.

Fanya hivi

Kwanza, weka sauti chini ya asilimia 60 ya mwisho wa kifaa chako. Kama mtu aliyeketi mbele yako umbali wa mkono akisema nawe humsikii, sauti imezidi.

Pili, punguza kelele za pembeni badala ya kuongeza ngoma. Zima feni kwa muda, funga dirisha, au fanya mazoezi wakati jenereta imezimwa. Vipokea sauti vinavyofunika sikio lote huzuia kelele za nje, hivyo utaridhika na sauti ndogo.

Tatu, ukiwa na nafasi, tumia spika ndogo iliyowekwa mezani badala ya kutia sauti ndani ya tundu la sikio.

Nne, cheza dakika 25, kisha zima kila kitu dakika 5 au 10. Nyosha vidole, viganja na mgongo. Wapiga gitaa wengi huja kwangu na maumivu ya kiganja ambayo pumziko hilo lingeyazuia.

Tano, anza na mwendo wa polepole. Mapigo 70 kwa dakika yanatosha. Ni sawa na moyo wa mtu aliyetulia. Ukiuweza wimbo, ongeza mapigo matano. Mwendo haujifunzwi kwa ukubwa wa sauti.

Sita, unapopiga pamoja na ngoma za kweli, vaa vizibo vya masikio vya sponji. Pamba ya kawaida haisaidii sana.

Saba, usiazime vipokea sauti vya mwenzako bila kuvisafisha, wala usichokonoe sikio kwa njiti.

Dalili za kukupeleka hospitali

Nenda ukapimwe kama mlio umezidi siku mbili, kama unawaambia watu warudie maneno, au kama familia inalalamika kuwa redio yako ina kelele. Sikio likitoa usaha au likiuma, hilo ni tatizo jingine, nalo pia linataka daktari. Mwambie dawa zote ulizotumia. Kwinini, iliyotumiwa sana zamani kutibu malaria, huweza kuleta mlio. Sindano za gentamicin huweza kudhuru sikio, na aspirini nyingi pia huleta mlio.

Ukipoteza usikivu ghafla, hasa sikio moja, usingoje hata wiki. Fika hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake. Hali hiyo ina matibabu, lakini hufaa zaidi yakianza mapema.

Kwa seli zilizokufa kwa kelele, sina dawa ya kuzifufua. Wala usitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu au matone uliyouziwa barabarani. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo na vinasaidia wengi, lakini havirudishi sikio la asili.

Kijana yuko wapi?

Nilimtuma mjini akapimwe usikivu kwa mashine. Majibu yalithibitisha kuwa amepungukiwa katika sauti nyembamba. Aliacha vipokea sauti kwa majuma sita. Usikivu ulirudi kwa sehemu kubwa, na mama yake haitaji tena kupaza sauti. Lakini mlio wa sikio la kushoto haukuondoka. Mchana, watu wakizungumza, anausahau. Usiku kukiwa kimya, unarudi. Nilimweleza kuwa baada ya muda ubongo huzoea, na kwamba redio yenye sauti ndogo kando ya kitanda humsaidia mtu kulala. Sikumdanganya kuwa utakwisha.

Bado anapiga gitaa. Bado anatumia ile ngoma ya simu, sasa ikiwa chini, kwa spika ndogo, na saa ya ukutani ikimkumbusha kupumzika.

Mara ya mwisho tulipoonana, nilimkumbusha jambo ambalo kila Mpokomo hulitaja kwa fahari. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 kwa ajili ya uhuru, una lahani iliyotokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Tana River. Mama aliyeimba wimbo ule hakuwa na spika wala hakupaza sauti, maana angepaza, mtoto asingelala. Aliimba polepole karibu na sikio changa, na lahani yake ikafika Kenya nzima.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walisema pia kuwa sikio la kufa halisikii dawa. La kwako, msomaji, bado li hai. Usiku huu, kabla ya kubonyeza wimbo wa kwanza, ishushe sauti.