Presha Haipigi Hodi

Katika darasa letu la jioni alikuwamo mkulima mmoja mwenye umri wa miaka 52. Alikuwa mtu wa nguvu. Gunia la mahindi alilibeba peke yake.

Siku moja alimsindikiza mkewe zahanati. Mganga akampima na yeye presha. Ilikuwa 170 kwa 105. Mganga alimpa vidonge vya mwezi mmoja. Alimwambia apunguze chumvi, na arudi vidonge vikikaribia kwisha.

Mkulima alimeza vidonge vyote. Vilipokwisha, hakurudi. Alisema, "Siumwi popote. Nirudi kufanya nini?"

Baada ya miezi saba, asubuhi moja, jembe lilimponyoka shambani. Mkono wa kulia ulilegea. Mdomo ulipinda upande. Maneno hayakutoka sawasawa. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Hakufa. Lakini leo hawezi kulima, na jina lake analiandika kwa mkono wa kushoto.

PRESHA NI NINI?

Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Damu ikipita, nayo husukuma kuta za mishipa hiyo. Msukumo huo ndio presha, yaani shinikizo la damu. Kila mtu anayo. Hatari huja inapozidi.

Kipimo kina namba mbili. Namba ya kwanza huonyesha msukumo wakati moyo unapopiga. Namba ya pili huonyesha msukumo wakati moyo unapopumzika kabla ya kupiga tena. Namba ya kwanza ikifika 140 au zaidi, au ya pili ikifika 90 au zaidi, na ikawa hivyo katika siku mbili mbalimbali, mtu huyo ana presha ya juu.

Malaria hupiga hodi. Unasikia homa, unatetemeka, unakwenda zahanati. Presha ya juu mara nyingi haipigi hodi. Haina homa wala maumivu. Huharibu kimya kimya mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho. Hata nguvu za kiume huweza kupungua kwa sababu hiyo.

KWA NINI WANAUME?

Mwanamke mjamzito hupimwa presha kila anapokwenda kliniki. Mwanamume hana kliniki inayomwita. Yeye husubiri maumivu, na ugonjwa huu hauleti maumivu. Kwa hiyo lazima ajipeleke mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma. Halafu walisimama wakachimba vyoo. Kusoma kulifuatwa na kazi. Sisi pia tusome, kisha tufanye. Lakini tusianze mambo yote siku moja. Anayeanza yote huyaacha yote. Anza na moja. Likishazoeleka, ongeza la pili.

Jambo la kwanza: chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Hii ni chumvi yote: ya mchuzi, ya kunyunyiza, na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi. Nunua chumvi yenye madini joto, lakini itumie kidogo.

Utajuaje kama mnazidisha? Tumia hesabu uliyojifunza. Nyumba yenye watu wazima 5 isizidishe gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanya 500 kwa 25, utapata 20. Basi andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha kabla ya siku 20, chumvi imezidi. Zungumza na mama wa nyumbani kwa heshima, wala usimlaumu. Huenda ni wewe uliyekuwa ukiongeza chumvi kabla hata ya kuonja. Ondoeni kikopo cha chumvi mahali pa kulia. Tieni ndimu, kitunguu au tangawizi. Baada ya wiki chache ulimi utazoea.

Jambo la pili: mboga na matunda. Kila unaporudi shambani, kabla ya kuweka jembe, chuma mchicha, matembele au kisamvu. Jambo jipya likifungwa kwenye kazi ya kila siku, halisahauliki.

Jambo la tatu: tumbaku na pombe. Tumbaku huharibu mishipa. Iache kabisa. Pombe nyingi hupandisha presha. Ni heri kuiacha, na usiyekunywa usianze.

Jambo la nne: daftari. Nenda zahanati upime presha hata kama huumwi. Andika tarehe na namba zote mbili. Ukipewa vidonge, andika pia siku ya kurudi. Usiache vidonge kwa sababu unajisikia vizuri. Huenda unajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge hivyo. Vikikusumbua, mweleze mganga.

Na ukimwona mtu ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamshinda, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Yule mkulima bado anakuja darasani. Sasa anameza vidonge kila siku, na ana daftari la presha. Kila ukurasa ameuandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Wewe bado una mkono wa kulia. Anza leo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini yule mkulima hakurudi zahanati? Je, wewe ungerudi?

2. Nyumba yenye watu wazima 4 inafungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Isipungue siku ngapi?

3. Ni jambo gani moja utakaloanza nalo wiki hii? Liandike katika daftari lako, pamoja na tarehe.