Bonde la Ufa na Majivu Yake (3): Kutoka Engaruka hadi Ziwa Natron

Juma lililopita tulimwacha msafiri Engaruka, kwenye mifereji ya mawe ya wakulima wa kale. Leo tunaelekea kaskazini. Kulia kuna Kitumbeine na Gelai, kushoto ukuta wa Bonde la Ufa na mlima Kerimasi, na mbele Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Gari likipita, vumbi la kijivu, laini kama unga, huingia hadi ndani ya mabegi yaliyofungwa. Sehemu kubwa ya vumbi hilo ni majivu ya volkano.

Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, wakati lava ya Hawaii hupita 1,100. Hutoka nyeusi, nyepesi kama maji ya tope, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe. Ndiyo sababu wageni hudhani wameona theluji kileleni.

Majivu huja mlima unapobadili tabia na kulipuka, kama ilivyokuwa 1917, 1940 na 1966. Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa majuma, Septemba mlima ukaanza kurusha majivu angani, na hali hiyo ikaendelea hadi 2008. Wafugaji wa chini ya mlima walilazimika kuhamisha familia na mifugo. Majivu haya si ya jikoni. Ni chembe za miamba na kioo zenye ncha kali, zinazokwaruza macho, kuumiza mapafu na kuziba chujio la hewa la gari. Anayesafiri huko abebe kitambaa cha kufunika pua, na maji yake yawe na kifuniko.

Naona waongozaji wengi humsifia mgeni kilele na kuisahau ardhi anayoikanyaga, ilhali habari kubwa iko hapo. Kwa maelfu ya miaka upepo wa mashariki umepeleka majivu ya milima hii hadi uwanda wa Serengeti. Mvua huyeyusha chokaa iliyomo, ikashuka na kuganda tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi. Huota nyasi fupi tu, lakini zenye kalisi na fosforasi tele. Ndiyo maana nyumbu huja kuzalia pande za Ndutu kati ya Januari na Machi: majike wanaonyonyesha wanayahitaji madini hayo.

Majivu hutunza kumbukumbu pia. Kule Laetoli, yalianguka, yakaloweshwa na mvua, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, yakakauka yakawa mwamba. Nyayo hizo, zilizogunduliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.66. Karibu na Natron, Engare Sero, tope la majivu lilihifadhi nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi, waliopita kati ya miaka 19,000 na 5,000 iliyopita. Baadhi walikuwa wakikimbia. Za Laetoli zilifukiwa upya ili zisiharibike. Za Engare Sero zimelala wazi, juani na mvuani, na zinastahili ulinzi wa haraka kabla hazijafutika.

Juma lijalo: tuta la majivu meusi linalohama karibu na Oldupai.