Ua Chungu la Isecheno

Ukitoka Shinyalu kwenda Isecheno, kabla hujaingia kwenye kivuli cha Msitu wa Kakamega, unapokewa na rangi ya manjano. Maua makubwa yamejipanga kando ya mitaro, yamezunguka maboma, mengine yamepenya hadi kwenye mahindi. Wengi huliita ua hili alizeti mwitu. Kwa Kiluhya ni maua amalulu, yaani maua machungu. Jina lake la kitaalamu ni Tithonia diversifolia, na asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati.

Kulitambua si kazi ngumu. Alizeti ya shambani ina shina moja na jani lisilogawanyika. Alizeti mwitu ni kichaka cha mashina mengi, hukua hata kumpita mtu kimo, na jani lake lina ncha tatu hadi tano, mithili ya kiganja kilichokunjuliwa. Shika kikonyo chini tu ya ua: kimevimba, na ndani kina uwazi. Nusa ua, linanukia asali. Onja jani, utatema. Usilichanganye na mitoo, ambayo ua lake la manjano lina umbo la ua la kunde, wala na kishona nguo, ambacho mbegu zake hung'ang'ania nguo.

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa kilichochanua na kwa kizuizi cha boma. Mmea huu ni yote mawili. Ila tunasahau kuwa ni mbolea pia.

Miaka ya 1990, watafiti waliokuwa Maseno walifanya majaribio ya mmea huu pamoja na wakulima wa magharibi ya Kenya. Majani yake makavu yana nitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu takriban asilimia 4. Yakikatwa mabichi na kufukiwa, huoza upesi na kulisha mahindi. Fosforasi, ambayo mashamba mengi ya huku yanaihitaji sana, ni kidogo, na hiyo pia haizaliwi na mmea: huhamishwa tu kutoka uani kwenda shambani. Kwa hiyo mbolea ya fosfeti, kama ile ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania, bado ina nafasi yake. Kazi nayo ni nzito, maana eneo dogo tu hudai mizigo mingi ya majani. Anzia kwenye kishamba cha sukuma wiki.

Hapa Isecheno tuna wajibu mwingine. Mbegu za mmea huu ni nyepesi na nyingi, na kipande cha shina kikiachwa udongoni huweza kuchipua. Tusiutupe ukingoni mwa msitu.

Inaniuma kuona familia iliyokopa ili inunue mbolea ikifyeka kichaka hiki na kukiacha kikauke mtaroni. Kabla ya kuinua panga, litazame jani. Likiwa na umbo la kiganja, kikate kichaka kabla hakijatoa mbegu, ufukie majani yake shambani.