Kufuli kwenye Swichi: Vijana Wetu na Mtihani wa Usalama wa Mafundi Umeme

Pampu ya kisima cha msikiti wetu iliharibika siku ya Alhamisi, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa, hatukutaka waumini wakose maji ya udhu. Tukamwita kijana wetu mmoja ambaye kwa miaka kadhaa ametutengenezea taa na vipaza sauti kwa ujira mdogo, na mara nyingine kwa dua peke yake. Alizima swichi ya pampu iliyo katika chumba cha muadhini, akatoka nje, akaanza kufungua nyaya. Wakati wa Alasiri ukakaribia. Mzee wetu mmoja alipoyakuta mabomba makavu aliingia chumbani, akaiona swichi imezimwa, akaiwasha. Hatumlaumu. Hakuna aliyempa habari, wala pale kwenye swichi hapakuwa na kufuli, hata karatasi ya kumtahadharisha.

Kijana alitupwa nyuma akaangukia saruji. Alhamdulillahi, alisalimika na kidole kilichoungua na mkono uliokufa ganzi kwa siku mbili.

Kamati ilipokutana usiku ule, maneno ya kwanza yalikuwa ya kumlaumu fundi. Yakatuishia upesi. Sisi ndio tuliomharakisha. Sisi ndio ambao kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumuuliza kama ana leseni, ilhali tunajua kwamba EWURA ndiyo inayowapa leseni mafundi wa kufunga umeme majumbani, na kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. Wanafiqhi wamezungumza kwa kirefu juu ya dhamana ya anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi kwa mali za watu walizokabidhiwa. Mambo haya tuliyasoma chuoni. Hatukuyakumbuka tulipokuwa tukipunguza bei ya matengenezo.

Katika mazungumzo yale ndipo tulipopata habari kwamba kijana huyo na wenzake wanane walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Mkandarasi mmoja alikuwa tayari kuwaajiri katika ujenzi wa jengo la ghorofa, kwa sharti kwamba kila mmoja awe na cheti cha usalama na afya kazini. Walikuwa wakisoma karatasi chache zilizorudufiwa, kila mtu kwake, baada ya kazi za mchana. Tukawapa chumba cha madrasa baada ya Isha, Jumatatu na Jumatano, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya umeme akakubali kuwafundisha.

Tulidhani wazoefu ndio watakaotangulia. Katika jaribio la kwanza mambo yalikuwa kinyume: kijana mwenye miaka kumi na miwili katika kazi alipata alama za chini kuliko wote. Mwalimu akatueleza sababu. Mzoefu akiulizwa afanye nini kabla ya kugusa waya, hujibu anavyofanya kila siku, na anavyofanya kila siku ni kugusisha testa ya bisibisi na kuendelea. Mtihani unamtaka ataje hatua zote kwa mpangilio wake: kuitambua njia ya umeme inayohusika, kuizima, kuifunga kwa kufuli na kubaki na ufunguo, kubandika onyo, kisha kupima. Na kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme, ndipo kipime waya uliozimwa, halafu kirudishwe tena penye umeme ili ihakikishwe kwamba hakikufa katikati. Vijana waliona huo ni usumbufu. Yule mwenye kidole kilichofungwa bendeji hakusema neno.

Somo lililowagusa zaidi lilikuwa la hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Mwili uliolowa maji unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi, kwa hiyo hupitisha takriban miliampia 230. Miliampia 50 zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo mpaka usimame. Fyuzi ya ampia 5 inaruhusu miliampia 5,000 bila kukatika. Kumbe fyuzi imewekwa kuulinda waya usiungue, wala haimtambui mwanadamu. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi uliofungwa sawasawa pamoja na swichi ile inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30. Baada ya hesabu hiyo tulikwenda sote kutazama mahali petu pa udhu, na tuliyoyakuta pale tunaona haya kuyaandika yote. Itoshe kusema kwamba pampu haikuwa na waya wa ardhi.

Mambo ya ngazi, miwani, viatu na mtungi wa kuzimia moto yalipita haraka, isipokuwa kwamba wawili walisisitiza kuwa moto wa umeme huzimwa kwa maji, na ilibidi wabishiwe sana. Huduma ya kwanza ilichukua usiku mzima. Aliyenaswa na umeme haguswi kabla umeme haujazimwa. Ikishindikana kuzima, na ni umeme wa nyumbani, asukumwe kwa mti mkavu, naye msukumaji asimame juu ya kitu kikavu. Waya mkubwa wa barabarani ukianguka hausogelewi kabisa. Asiyepumua huitiwa msaada na kubonyezwa kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 kisha pumzi 2.

Kwa usiku huo tuliwaalika wake na mama zao, na hili tunalipendekeza kwa kamati nyingine. Mke wa mmoja wao alichukua karatasi za maswali nyumbani, akawa anamuuliza mumewe huku akisonga ugali, na hakumpakulia mpaka ajibu sawasawa. Mume analalamika kwamba kuna siku alikula chakula kimepoa. Mke huyo sasa anajua hatua za kuokoa mtu kuliko wengi wa wanakamati.

Saba wamefaulu, akiwamo mzoefu wa miaka kumi na miwili. Wawili watarudia, na darasa linaendelea kwa ajili yao. Kijana wa pampu ni miongoni mwa waliofaulu, lakini cheti hicho si leseni, na kamati imeamua kumlipia ada ya kuiomba, kutoka katika fungu lile lile la matengenezo tulilokuwa tukilibana. Mpaka aipate, kazi za umeme za msikiti zinafanywa na fundi mwenye leseni, kwa bei kamili, naye kijana akimsaidia. Waya wa ardhi umefungwa, na swichi ya pampu imewekewa kufuli. Wiki iliyopita maji yalichelewa kwa robo saa kabla ya Adhuhuri kwa sababu fundi alikuwa bado kazini na ufunguo uko mfukoni mwake. Wazee walinung'unika kidogo, wakatawadha kwa maji ya ndoo.